Bunduki za Ukutani

Nimeacha kazi nikiwa na vidole vyangu vyote kumi, na katika ufundi wa bunduki za kale hiyo ndiyo shahada. Vijana wa karakana mmeniomba niandike niliyoyaona, na nadhani mlitarajia nieleze namna ya kung'arisha fedha ya kitako, au namna ya kumjua mteja mwongo kabla hajakaa. Hayo mtajifunza wenyewe. Mimi kitu nilichokuwa nacho mkononi kila siku, kuliko tupa na kuliko koleo, ni hofu. Sikuizoea, na aliyeizoea ndiye wa kuogopwa.

Nilizaliwa Unguja, nikasoma skuli mpaka sekondari, nikaja Maskati na wazee wangu nikiwa kijana mwenye Kiswahili kingi na Kiarabu cha msikitini. Kiarabu cha msikitini hakinunui nyanya. Wenzangu waliokuwa na vyeti vizuri waliingia maofisini. Mimi mjomba alinipeleka Hamriya, kwenye duka dogo lenye karakana nyuma yake, baina ya mshona kanzu na muuza vipuri vya friji. Mwenye duka alikuwa fundi tuliyemwita Usta Shambe, Mbalushi wa Matrah, mfupi, mkimya, na mwenye tabia ya kumtazama mtu miguu kabla ya uso.

Siku ya kwanza aliniambia nikae. Nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa wazi. Alinishika ukosi wa kanzu, akaninyanyua, akanihamishia upande wa pili wa chumba, kisha akanionyesha: bunduki zote zilizolazwa mezani zilikuwa zimeelekeza midomo yake kwenye kile kigoda. Akaniambia hapo ni mahali pa maiti. Kwa juma zima kazi yangu ilikuwa kutembea ndani ya chumba kile bila kukata mbele ya mtutu, iwe bunduki ina kitu au haina, iwe nzima au vipande. Nilitembea ubavu kama kaa. Mama yangu alidhani nimeumia nyonga, akanikanda kwa mafuta ya nazi.

Vyombo vya Usta vilikuwa vichache. Fimbo zake zilikuwa za shaba, kwa sababu chuma kikigongana na chuma hutoa cheche. Alikuwa na tupa alizozirithi, birika la maji ya moto, na uzi wa katani. Huo uzi ndio uliokuwa daktari wetu. Mtutu uliofunguliwa aliuning'iniza kwa uzi, akaugonga kwa kijiti cha mkwaju, akasikiliza. Mtutu mzima hulia kama kengele, sauti inakwenda inapotea taratibu. Wenye ufa husema "tak" ukanyamaza. Baina ya kengele na tak kuna sauti nyingine nyingi, na kazi yote iko hapo katikati.

Wateja wetu wa miaka ile walileta martini za babu zao, zile bunduki za Waingereza ambazo Waomani walizipenda mpaka zikawa kama watu wa nyumbani, na walileta bu-fatila, bunduki ndefu ya utambi. Kwa asiyeijua: bu-fatila hushindiliwa baruti kwa mbele, mdomoni. Nyuma, ubavuni mwa mtutu, pana tundu dogo na kisahani kinachotiwa baruti chembe. Ukivuta, utambi unaowaka hushuka kisahanini, moto huingia kwenye tundu, na mlio ukautafute mlimani. Hizi zilitoka kila penye harusi na kila Idi, kwenye razha, pale wanaume wanaposimama safu mbili wakijibizana mashairi, wakirusha panga na kupiga risasi zisizo na risasi.

Mwaka wa pili Usta aliniachia nigonge martini ya mzee mmoja wa Quriyat. Nikagonga, nikasema inalia. Akaniuliza, una hakika? Nikasema nadhani. Akasema "nadhani" ni neno la muuza vitambaa, gonga tena. Ilikuwa adhuhuri, njaa inauma, mwenye bunduki amesimama mlangoni ana haraka. Nikasema nna hakika. Martini ile ilifunguka ubavuni siku ya Idi, na yule mzee akabaki na sikio moja linalosikia. Usta alikwenda kwake akabeba lawama yote, na mimi hakunifukuza wala hakunisema. Alinipa uzi wa katani niushone kwenye kofia yangu kwa ndani, nikauvaa kichwani miaka mingi. Ukiniuliza ujira wangu wa kwanza ulikuwa nini, nimesahau. Kofia ile naikumbuka.

Usta alipofariki nikabaki mimi na wana wake, na wakati ukabadilika. Meli kubwa za watalii zikaanza kutia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, na watu wakawa wanatoka kule na kofia za majani, wanatufuata Hamriya kwa ramani ya simu. Pia wakazuka wapenzi wa bunduki za kale wa hapahapa mjini. Mmoja alikuwa daktari wa meno wa Ruwi, Daktari Nabil, aliyejua bu-fatila kuliko alivyojua magego. Hao wote, Mzungu na Mwarabu, walikuwa na wimbo mmoja: kwa nini hapana anayezitengeneza mpya? Dunia ina viwanda, ina chuma kizuri, inaweza kutengeneza chochote. Kwa nini mtu asitengeneze bu-fatila mpya, sura ileile, uzito uleule, lakini mtutu wa chuma cha leo, uliopimwa na kugongwa muhuri, mtu akaipiga bila kuombewa dua?

Niliwacheka. Nilimwambia Daktari Nabil kuwa mpenzi wa vitu vya kale ni mtu anayetaka cha kale kiwe kipya, akikipata kipya anakipaka chai kionekane cha kale. Alicheka na yeye, lakini akaniambia jambo nililolidharau. Alisema watu hawataacha kupiga, Seif. Usipowapa ya kupiga, watapiga hata ile isiyopigika.

Mimi niliwapa ya ukutani. Nyumba mpya zilikuwa zinajengwa Hail na Mawaleh, zenye baraza pana kama stendi ya mabasi, na ukuta mpana hautulii bila kitu. Nikawa natengeneza bu-fatila za pambo: mti mzuri, pete za fedha, mtutu wa bomba la kawaida uliozibwa nyuma kwa lehemu tu, wala tundu la moto halikuwepo. Zilikuwa nzuri, nisijinyime haki yangu. Na wanunuzi wengi walikuwa watu wetu, sisi tuliotoka Unguja na Pemba. Sababu yake ninaijua bila kuambiwa. Kwenye razha ya harusi, Mwomani wa milimani huko bara anashuka na bunduki ya babu yake. Babu zetu walituachia makasha, mashairi na ugonjwa wa sukari. Mtu anasimama kwenye safu na bakora, na hata asiposemwa anajisikia amesemwa.

Khalfan alinunua moja. Khalfan ni mtu wa Hail, tumejuana tangu wazazi wetu, mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, kwa hiyo huniita Ami. Ni mcheshi, mkarimu, hawezi kupita mlangoni kwako bila kubisha. Alisema ni ya baraza. Nikamfungia ukutani kwa mkono wangu.

Miaka michache baadaye mwanawe alioa binti wa watu wa Samail, huko bara, na Khalfan akanialika. Jamaa wa bibi harusi walikuja na magari yao mpaka Hail, wakiongozwa na babu yake bibi harusi, Shekhe Mbarak, mzee mwembamba aliyenyooka kama msumari. Razha ilifanywa alasiri, uwanjani nyuma ya nyumba ya Khalfan, watoto wamekaa mbele kama kawaida ya watoto. Tulikuwa tumekaa mkekani, kahawa inazunguka, mimi niko ubavuni mwa Khalfan. Akaenda ndani akarudi na bunduki, akailaza baina yetu, akamwambia Shekhe Mbarak kwa sauti ya kutosha kusikika safu zote mbili kuwa hii ilikuwa ya babu yake, imevuka bahari kutoka Unguja.

Niliitambua kabla hajakaa. Pete ya tatu ya fedha nilikuwa naipinda kidogo kwenye zangu zote, ndiyo alama yangu, na hii ilikuwa imepinda. Nikatazama ubavuni. Palikuwa na tundu. Mtu amelitoboa kwa mashine, kingo bado mbichi. Baadaye nilijua ni mafundi wa magari wa Wadi Kabir. Na mdomoni palikuwa na alama nyeusi za kushindiliwa. Bomba la kawaida, lehemu nyuma, baruti ndani, na shavu la Khalfan ndilo litakalokaa juu ya ile lehemu.

Shekhe Mbarak akasema kwa heshima kuwa mwenye nyumba ndiye afungue, apige mwanzo.

Sasa nisomeni vizuri, wala msinitetee. Nilikuwa na muda. Kahawa haikuwa imekwisha kuzunguka. Ningeweza kuinama nikamnong'oneza. Niliogopa. Niliogopa atabisha kwa sauti, niliogopa watu wa Samail watasikia kuwa bunduki ya babu ni ya Hamriya, niliogopa jina la karakana kutajwa pamoja na ule uwongo. Mbele yangu palikuwa na sinia ya tende. Nikachukua moja, nikaitoa kokwa, nikajifanya napangusa vidole, na kwa kidole gumba nikaikandika nyama ya tende kwenye lile tundu mpaka ikajaa. Hakuna aliyeona.

Khalfan akasimama mbele ya safu, utambi unafuka. Mimi nikainuka na kusimama baina yake na watoto, kwani tende nayo ni "nadhani". Akavuta. Kisahani kikawaka, fyuu, moshi mdogo, basi. Kisha sauti kutoka safu ya wageni, kijana mmoja, wala hakuwa na ubaya: "Imepiga chafya. Mpeni ndimu." Uwanja mzima ukacheka, na sisi watu wetu tukacheka kuliko wao, ndivyo tulivyo. Khalfan alicheka pia. Nilimwona shingo. Shingo haikuwa inacheka.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Haya ndiyo ninayotaka vijana myaweke akilini kuliko yote: nililala vizuri. Alfajiri, nimekaa kwenye tahiyatu, kidole kimenyooka, ndipo likanijia. Baruti imebaki ndani. Mimi, mwanafunzi wa Shambe, nimeiacha bunduki imeshiba mikononi mwa mtu aliyeaibishwa, nikaenda kulala.

Nilimpigia simu haikupokewa. Nilipiga mpaka jua likatoka. Ilikuwa Ijumaa, na nilijua Khalfan amealikwa Samail kwa chakula cha mchana baada ya sala, yeye na mkewe, kama ada baina ya wakwe. Nikachukua mkoba wangu wa vyombo, nikaendesha gari mpaka Hail nikiwa nasikia kila mlango wa gari uliofungwa njiani kuwa ni mlio.

Mkewe, Bi Zuwena, alinifungulia. Aliniambia nikazungumze naye, kwani tangu asubuhi kakaa uani anaichokora, na chai hataki. Nikamkuta kwenye kiti, bunduki mapajani, mdomo wake unaelekea dirisha la jiko, mkononi ana sindano ya kushonea magunia. Nikaenda nikamgeuzia mtutu ukutani kabla ya salamu.

"Ami Seif," alisema. "Umekuja kucheka kilichobaki?"

"N'mekuja kukuuliza. Ina baruti?"

"Inayo. Na leo italia. Itakwenda kulia Samail, mbele yao, ndani ya uwanja wao." Akanionyesha ncha ya sindano. "Unajua nimekuta nini tunduni? Tende. Wameniwekea tende, Ami. Watoto wa watu wamekula chakula changu, kisha wamenitilia tende. N'tapiga, halafu n'tamtaka Shekhe Mbarak anitolee huyo aliyenifanyia hivi, na asiponitolea, mwanangu atajua ameoa kwa watu gani."

Bi Zuwena alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Aliniangalia mimi, hakumwangalia mumewe. Sikuwahi kuogopa hivyo mbele ya baruti. Baruti haina macho.

"Si wao," nilisema. "Ni mimi."

Hakunielewa, ikabidi niseme tena. Nikamweleza bomba, lehemu, na mahali ambapo shavu lake lingekuwa. Alinisikiliza huku sindano imesimama hewani. Nilipomaliza hakupiga kelele.

"Nilikuwa ubavuni mwako," alisema. "Bega kwa bega. Mbona hukunambia sikioni?"

Nikasema niliogopa. Akasema, "Umeniokoa uso, ukanivua nguo," kisha akanyoosha mikono akanipa bunduki, kama mtu anavyompa mwenzake mtoto asiyemtaka tena.

Nilimwomba Bi Zuwena aende kwa jirani. Nikatia maji ya vuguvugu mdomoni, nikatia tunduni, nikaiegemeza. Kisha nikafanya kipimo ambacho kila mmoja wenu anakijua na kila mmoja wenu siku moja atakuwa mvivu kukifanya: fimbo ya shaba ndani mpaka igote, uibane fimbo kwa kidole gumba pale inapotokea mdomoni, fimbo nje, uilaze juu ya mtutu uone imefika wapi. Fimbo ikikomea mbali na tundu, pale palipopungua pamelala kitu. Hapa palipungua zaidi ya shubiri. Nikamuuliza ametia kiasi gani. Alisema jana alitia vipimo viwili, na asubuhi hii ameongeza cha tatu, akidhani cha jana kimelowa umande. 

Tulisubiri maji yafanye kazi. Kisha nikafunga kizibuo kwenye ncha ya fimbo, kile kiskurubu cha shaba, nikazungusha, nikavuta vitambaa na tope jeusi, kidogo kidogo, uso nimeugeuza pembeni, na jasho linaniingia machoni nisiweze kulifuta. Tope lilijaa bakuli ya supu. Khalfan aliitazama ile bakuli. Alitia mkono shavuni mwake, upande wa kulia, akauacha hapo.

Alichosema baadaye ni kuwa niingie garini, na mkoba wangu nije nao. Nilidhani ananipeleka mbele ya wakwe zake nikaseme mimi. Njia nzima mpaka Samail aliendesha, macho barabarani. Bi Zuwena alikuwa nyuma akisoma tasbihi, na tulipopita magari ya harusi nyingine, yanapiga honi, sote watatu tuliruka.

Tulisali kwao, tukala kwenye sabla yao, chumba kirefu cha wageni. Wali, mbuzi, sahani moja kubwa na mabega yamegusana. Juu ya ukuta, karibu na mlango wa ndani, palitundikwa bu-fatila, hiyo ya kweli, nyeusi kwa umri, mdomo wake umeelekea kwenye ule mlango ambao wanawake walikuwa wakipitishia kahawa. Niliitazama kama ninavyozitazama zote, nikakaa mbali na mdomo wake. Hilo nalifanya hata usingizini.

Baada ya kunawa mikono Khalfan akamgeukia Shekhe Mbarak, na watu wakanyamaza wakijua ni habari ya jana. Alisema kwa Kiarabu, polepole, ile bunduki si ya babu yake. Babu yake alikuwa mpima karafuu Unguja, mtu mwaminifu, na maishani hakushika bunduki. Ile ni ya Hamriya, ya ukutani, na aliyeifanya ni huyu hapa, naye ndiye aliyeizuia isilie. "Nimekudanganya mbele ya watu wako na wangu," alisema. "Basi nakwambia mbele yao."

Yule kijana wa chafya alitazama chini. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nasubiri mzee aseme neno la kumwondolea mwenzake uzito, kwani ada inamtaka aseme, na hakulisema. Alitazama ukuta. Kisha akamwambia mwanawe aitungue ile bunduki, taratibu, amletee Usta wa Maskati.

"Ipime," aliniambia.

Nikauliza kama anajua kitu. Alisema baba yake alifariki ghafla, na wakati wa uhai wake aliwaambia watoto wasiiguse, basi. Hakusema ina kitu, hakusema haina. Yeye alikuwa kijana, akaitundika. Kila mwaka alitaka kumwita fundi, na kila mwaka aliona haya, kwani mtu gani wa bara hajui bunduki ya babaye? Miaka ikapita mpaka haya zenyewe zikazeeka. "Wajukuu zangu wote wamepita chini yake," alisema. "Hata bibi harusi wenu."

Nikatia fimbo. Watu walisimama wakarudi nyuma hata kabla sijaomba. Nikaweka kidole gumba, nikaitoa, nikailaza juu ya mtutu. Ilipungua kiganja kizima.

Nilisema "imeshiba", nikasikia mwanamke akivuta pumzi nyuma ya mlango. Na msidhani miaka inaifisha. Baruti kavu haizeeki. Tukaitoa nje, nyuma ya ukuta, mdomo ukaelekezwa kwenye bonde tupu, nikatia maji, nikangoja, nikatia tena. Ilikuwa ngumu kuliko ya Hail. Kitambaa kilikuwa kimeshikana na kutu, kizibuo kikawa kinauma na kuachia, na kila kikiachia fimbo inagonga ndani. Nilihitaji mtu wa kukishika kitako. Wana wa Shekhe Mbarak walitazamana. Khalfan alikuja akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili. Sikumwomba.

Vilitoka vitambaa, ikatoka baruti kavu bado, inang'aa, kisha ikatoka gololi ya risasi. Ile haikuwa ya harusi. Baba yake Shekhe Mbarak alikuwa ameitia kwa ajili ya mtu, na mtu huyo hakuja, na gololi ikamngoja juu ya mlango wa kahawa. Mzee aliichukua, akaifunga kwenye ncha ya kilemba chake.

Nimefikiri sana kuhusu Daktari Nabil tangu siku hiyo. Wapenzi wale niliwaona ni watu wa kuchezea vitu. Lakini kama pangekuwa na mtu wa kuzitengeneza mpya kwa haki, chuma kizuri, zimepimwa, mtu kama Khalfan angekuwa na ya kwake ya kupiga, na asingehitaji babu wa uwongo wala fundi wa magari. Mimi nilikuwa na mikono ya kuanza kazi hiyo, nikatengeneza mapambo. Sijui zangu ngapi ziko kwenye kuta za watu, na ukifika msimu wa harusi kila mlio unaotoka upande wa Hail unaninyanyua kitandani. Nyinyi mnaobaki, mkiona bunduki ya ukutani yenye pete iliyopinda, iombeni. Mkinyimwa, iombeni tena.

Tulirudi ndani. Mwana wa Shekhe Mbarak akaitundika ile bu-fatila mahali pake, akaondoka chini yake haraka. Mikeka iliyokuwa pale ilibaki mitupu, watu wote wamesongamana upande wa pili, na aliyeleta kahawa alisimama mlangoni na dele mkononi, hataki kuvuka.

Khalfan alinitazama. Tangu uani kwake hakuwa amenitazama.

"Ni tupu, Ami?"

"Ni tupu."

"Una hakika?"

"Nna hakika."

Akavuka chumba, akakaa chini ya mdomo wa bunduki, akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha kikombe apewe kahawa.